Panya Chotara Mbele ya Baraza: Je, Ushahidi Wake Kuhusu Kromosomu X Unaaminika?

Hoja iliyo mezani: Panya chotara ni shahidi wa kuaminika kuhusu namna kromosomu X inavyozimwa katika mwili wa jike.

Wanaojadili ni watatu. Mtetezi ni mtafiti wa jenetiki ambaye kazi yake ni kusoma RNA za panya. Mpinzani ni mwanabaiolojia anayechunguza jinsi spishi zinavyoachana. Tabibu ni daktari wa magonjwa ya damu. Mwenyekiti ni mwalimu wa baiolojia.

MWENYEKITI: Karibuni. Nitaweka msingi kwanza, halafu niwaachie uwanja. Jike wa mamalia hurithi kromosomu X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Dume hurithi X moja ya mama na Y ya baba. X imebeba mamia ya jeni, Y imebeba chache mno. Kama X zote mbili za jike zingefanya kazi, seli zake zingetoa maradufu ya kile anachotoa dume. Haiwi hivyo, kwa kuwa mapema katika ukuaji wa kiinitete kila seli ya jike huzima X moja. Mwaka 1949 Murray Barr na Ewart Bertram, huko Ontario nchini Kanada, waliona kidonge cheusi ndani ya seli za neva za paka jike, na madume hawakuwa nacho. Mwaka 1959 Susumu Ohno na wenzake walionyesha katika seli za ini za panya kwamba kidonge hicho ni X moja iliyojikunja. Miaka miwili baadaye Mary Lyon wa Harwell, Uingereza, aliwatazama panya majike wenye mabaka ya rangi mbili akaandika makala fupi katika jarida la Nature. Alisema kila seli huzima X mojawapo bila kuchagua ya mama wala ya baba, na vizazi vyote vya seli hiyo hushika uamuzi uleule. Swali la leo ni hili: hayo tunayoyajua tangu Lyon tumeyapata kwa nani, na je, huyo tunaweza kumwamini? Mtetezi, fungua.

MTETEZI: Ahsante, Mwenyekiti. Shida ya kwanza katika kazi hii ni utambulisho. Seli imezima X moja, sawa, lakini ipi? Lyon alisaidiwa na manyoya, maana jeni ya rangi ilipokuwa kwenye X, baka moja lilitangaza X ya mama na baka jingine X ya baba. Ini halina mabaka. Ubongo hauna. Kondo la nyuma halina. Tena panya wa maabara wamezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi hadi X ya mama na X ya baba zikafanana herufi kwa herufi. Ukisoma RNA yao hutajua imetoka wapi.

Ndiyo maana tunamhitaji chotara. Mchukue jike wa maabara wa ukoo wa C57BL/6, umzalishe na dume wa Mus spretus, panya wa mwituni wa Hispania, Ureno na Afrika Kaskazini. Koo hizi mbili zilitengana zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, kwa hiyo karibu kila jeni ina herufi kadhaa za kutofautisha. Sasa kila kipande cha RNA kinachosomwa kinajitaja kwao. Mwaka 2010 maabara ya Christine Disteche, Seattle, ilitumia seli za chotara wa namna hii kuhesabu jeni zinazoponyoka, yaani zile zinazoendelea kufanya kazi juu ya X iliyozimwa. Zilikuwa takriban 3 katika kila 100. Kwa binadamu, Laura Carrel na Huntington Willard walikuwa wameripoti mwaka 2005 kwamba huponyoka takriban 15 katika kila 100. Bila chotara, hesabu ile ya panya isingefanyika kwa upana ule.

MPINZANI: Dada yangu amesema vizuri, na ameniachia mlango wazi. Anamtaka chotara kwa sababu X zake mbili zinatofautiana. Mimi ninamshuku kwa sababu hiyohiyo. X mbili zisizofanana hazishindani kwa usawa.

Lyon alizungumzia bahati nasibu, nusu kwa nusu kwa wastani. Mwulize chotara wa panya wa ukoo wa 129 na panya wa Asia wa ukoo wa CAST. Kwa wastani, X ya CAST hubaki inafanya kazi katika karibu seli 70 kati ya 100. Ukileta spretus, upendeleo kwa X yake unaweza kuwa mkubwa zaidi. Kama tungeanza sayansi hii kwa chotara peke yake, tungeandika vitabuni kwamba hakuna bahati nasibu, kuna X zenye nguvu na X dhaifu. Kifaa cha kupimia kimepindisha kinachopimwa. Kwa hiyo nauliza: kila asilimia inayotoka kwa chotara ni sifa ya mamalia, au ni sifa ya ndoa ile moja?

MTETEZI: Upendeleo huo haukuzaliwa na uchotara, kaka. Bruce Cattanach, naye wa Harwell, aliugundua miaka ya 1960 ndani ya panya wa kawaida wa maabara. Kuna eneo kwenye X linaloitwa Xce, na lina matoleo kadhaa. Toleo la a ni dhaifu, na ndilo walilonalo panya wa koo za 129 na BALB/c. Toleo la b, la C57BL/6, lina nguvu kuliko a. Toleo la c ni la CAST, na la d ni la spretus. X yenye toleo la nguvu huelekea kuponea kuzimwa. Hata panya wawili wa maabara, wa a na wa b, wakizaa binti, mizani haikai katikati. Chotara hakuleta jambo geni, alirefusha ngazi iliyokuwapo. Na urefu huo ulikuwa na faida: mwaka 2013 watafiti waliolinganisha mizao mingi ya koo mbalimbali walibana eneo la Xce hadi kipande cha herufi zipatazo 176,000, wakapendekeza kwamba siri imo katika vipande vya DNA vilivyojirudia humo.

MPINZANI: Nakubali kwamba Xce ipo. Sikubali kwamba kila upendeleo tunaouona ni Xce. Tusitoke nje ya mada, lakini naomba dakika moja nimtaje baghala, mtoto wa farasi na punda, kwa sababu alitufunza somo kabla ya panya. Mwaka 1964 Mukherjee na Sinha walitazama kromosomu za baghala jike wakasema X huzimwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1971 John Hamerton na wenzake waliangalia tena baghala na mwenzake, mtoto wa farasi dume na punda jike, wakakuta X ya punda ndiyo inayozimwa zaidi, hata mama awe farasi au punda. Chotara mmoja, majibu mawili. Na hata ukikubali jibu la pili, bado hujui limetokana na nini. Huenda seli zilichagua kuzima X ya punda tangu mwanzo. Huenda zilichagua nusu kwa nusu, kisha zile zilizobakiwa na X ya punda zikakua polepole na kuzidiwa na wenzao. Ukihesabu mwishoni, njia zote mbili zinakupa tarakimu ileile.

MWENYEKITI: Hapo pana jambo. Mtetezi, unatenganishaje uchaguzi wa mwanzo na ushindani wa baadaye?

MTETEZI: Kwa muda na kwa tishu. Katika panya, bahati nasibu hupigwa mapema, karibu siku ya tano na ya sita baada ya mimba kutungwa. Upendeleo ukiwa umeshakamilika katika kiinitete kichanga na ukibaki hivyohivyo katika tishu zote, hiyo ni dalili ya uchaguzi. Ukianza mdogo na kukua kadiri mnyama anavyokua, au ukiwa mkubwa kwenye damu na mdogo kwenye ubongo, hiyo ni dalili ya ushindani, kwa maana seli za damu hugawanyika maisha yote. Tena tunazalisha pande zote mbili: jike wa ukoo A na dume wa ukoo B, kisha jike wa B na dume wa A. Kinachogeuka pamoja na wazazi kinatokana na mzazi. Kinachobaki palepale kinatokana na ukoo.

MPINZANI: Njia nzuri, ikifuatwa. Lakini hata hiyo haimalizi. Huko Novosibirsk, Suren Zakian na wenzake waliwazalisha wagugunaji wa jenasi Microtus, wanyama wadogo wa mashamba na nyika wanaofanana na panya wenye mkia mfupi. Spishi hizi zinakaribiana sana, ila X zao hazilingani kwa umbo: baadhi zina bonge kubwa la heterokromatini, yaani DNA iliyofungwa na isiyo na jeni nyingi, na nyingine hazina. Mwaka 1991 waliandika kwamba katika baadhi ya mizao upendeleo ulijitokeza, na wakalitaja bonge hilo kuwa sababu mojawapo inayowezekana. Angalia tulipofika: Xce, ushindani wa seli, na sasa umbo la kromosomu. Vyote vitatu vinaweza kuwa ndani ya chotara mmoja kwa wakati mmoja.

MTETEZI: Basi mwenzangu amenisaidia. Mambo hayo matatu ni ya kweli katika maumbile, na hatukuyaona kwa wanyama wa ukoo mmoja. Kama X zote zingekuwa sawa, nani angejua kwamba kuna kitu cha kupimwa?

Nigeuke kwenye kondo la nyuma, ambako hakuna bahati nasibu kabisa. Mwaka 1975 Nobuo Takagi na Motomichi Sasaki, Japani, walionyesha kwamba katika tishu zinazokizunguka kiinitete cha panya ni X ya baba ndiyo inayozimwa kwa kiasi kikubwa. Leo tunajua kwamba kiinitete kichanga cha panya huanza kwa kuzima X ya baba. Seli zitakazokuwa mwili huiwasha tena, kisha hupiga bahati nasibu upya. Zile za kondo hubaki na uamuzi wa kwanza.

MPINZANI: Na Takagi na Sasaki hawakutumia chotara! Walitumia panya wa Cattanach, ambaye X yake imepachikwa kipande cha kromosomu ya 7 ikawa ndefu na kutambulika kwa hadubini. Utambulisho ulipatikana bila kuchanganya spishi.

MTETEZI: Kweli. Ila panya yule alionyesha kromosomu nzima, hakuweza kutuonyesha jeni mojamoja. Na zaidi ya hapo, chotara alitupa jambo ambalo panya wa Cattanach hakuwa nalo, nalo ni uzito wa matokeo. Chukua hamsta wadogo wa Asia, Phodopus sungorus na Phodopus campbelli. Mama akiwa sungorus na baba campbelli, kondo la chotara huvimba kupita kiasi. Mwaka 2021 Thomas Brekke, Jeffrey Good na wenzao walionyesha kwamba chanzo kikuu ni X ya sungorus iliyotoka kwa mama. Sasa unganisha: kama katika kondo la wagugunaji X ya baba imezimwa, X ya mama imebaki peke yake kazini, haina mwenzake wa kufidia. Tofauti yoyote kati yake na jeni za upande wa pili inaonekana waziwazi.

MPINZANI: Umesema sawa mpaka sentensi ya mwisho, lakini naomba msikilizaji asikie kile usichosema. Kondo lililovimba halithibitishi kwamba kuzimwa kwa X kumeharibika. Linaweza kuvimba huku uzimaji ukienda kama kawaida, kwa kuwa X iliyo macho haielewani na jeni za kromosomu nyingine. Wengi wakiona chotara mgonjwa na kromosomu X ikitajwa, hukimbilia kusema kwamba swichi imeharibika. Mara nyingi swichi ni nzima.

Nitatoa mfano mkali zaidi, wa madume. Mwaka 1922 J. B. S. Haldane aliona kwamba chotara wakiwa na kasoro, jinsia yenye kromosomu mbili zisizofanana ndiyo huathirika zaidi. Kwa mamalia ni dume. Barani Ulaya panya wa mashariki, musculus, na wa magharibi, domesticus, hukutana katika ukanda mwembamba uendao toka Denmaki hadi Bahari Nyeusi. Katika baadhi ya mizao ya maabara, jike wa musculus akizaa na domesticus, watoto wa kiume huwa tasa. Ukichunguza korodani zao unakuta kwamba X, ambayo ilipaswa kunyamazishwa wakati mbegu zinatengenezwa, bado inazungumza. Watu wakasema: huyu hapa mkosaji!

MTETEZI: Na si mkosaji?

MPINZANI: Ni mshtakiwa aliyekutwa karibu na tukio. Mwaka 2009 kundi la Jiří Forejt, Prague, lilitaja jeni iliyohusika, Prdm9, ambayo huamua mahali DNA itakapokatwa ili kromosomu za mama na baba zishikane. Katika chotara tasa kromosomu za kawaida hushindwa kushikana, na vurugu hiyo ndiyo inayovuruga unyamazishaji wa X. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford walibadilisha sehemu ya Prdm9 ya panya inayoshika DNA wakaweka ya binadamu, na madume chotara wakapata uwezo wa kuzaa. Hawakuigusa X. Tena, unyamazishaji huo wa korodani hauhitaji Xist, RNA iliyogunduliwa mwaka 1991 ambayo hutandaa juu ya X ya jike na kuizima. Ni njia nyingine kabisa. Anayechanganya mambo haya mawili kwa sababu yote yanahusu chotara na X anapotosha.

MTETEZI: Hilo nalipokea bila kinyongo. Uzimaji wa jike na unyamazishaji wa korodani visiwekwe kapu moja.

MWENYEKITI: Tabibu umekaa kimya. Una wagonjwa, huna panya. Mjadala huu una maana gani kwako?

TABIBU: Una maana kubwa, na unanipa tahadhari. Ninaanza na maana. Jeni ya kimeng'enya cha G6PD iko kwenye X. Upungufu wake ni wa kawaida katika maeneo ya malaria, Afrika Mashariki ikiwamo. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake, katika kituo cha City of Hope, California, walionyesha kwamba mwanamke mwenye nakala moja pungufu ana makundi mawili ya chembe nyekundu, moja lenye kimeng'enya cha kutosha na moja lenye upungufu. Hiyo ni dhana ya Lyon ndani ya damu ya binadamu. Nawakumbusha pia kwamba farasi na punda wana G6PD zinazotofautishwa maabara, na kimeng'enya hicho ndicho kilichosaidia kuwasoma baghala. Kwa hiyo swali la mnyama chotara na swali la mgonjwa wangu ni ndugu.

Mvulana mwenye jeni hiyo ana upungufu. Msichana mwenye nakala moja anaweza kuwa karibu na mzima, au karibu na mvulana yule, kutegemea mizani ya X zake imeelekea wapi. Kipimo cha haraka kinachojibu ndiyo au hapana kinaweza kumpitisha msichana wa katikati kana kwamba hana shida. Akipewa dawa ya malaria kama primakwini kwa dozi ya siku nyingi, chembe zake zilizo pungufu zinaweza kuvunjika. Tafenokwini ina masharti makali zaidi, maana hutolewa kwa mtu ambaye kipimo cha kiwango kimeonyesha zaidi ya asilimia 70 ya shughuli ya kawaida. Nusu kwa nusu ya vitabuni hainisaidii kitandani. Msichana aliye mbele yangu hakuwa wastani.

MWENYEKITI: Na tahadhari?

TABIBU: Panya si binadamu. Upendeleo wa kuzima X ya baba katika kondo ni wa panya, na hatuuoni kwa binadamu. Idadi ya jeni zinazoponyoka ni tofauti mno, kama alivyosema Mtetezi mwenyewe. Nikiambiwa kwamba chotara wa 129 na CAST ana mizani ya 70 kwa 30, sitaipeleka tarakimu hiyo kliniki. Naomba Mtetezi aniambie: katika ushahidi wa chotara, kipi naweza kukichukua, na kipi nikiache kwenye kizimba cha panya?

MTETEZI: Swali zuri kuliko yote ya leo. Nitajibu kwa jaribio moja. Ili kuondoa kero ya mizani, watafiti humtafuta mama wa maabara mwenye Xist iliyoharibiwa na kumzalisha na dume wa spretus. X yenye Xist mbovu haiwezi kuzimwa, hivyo binti anayeirithi huzima X ya spretus katika kila seli. Hakuna tena bahati nasibu, na jeni zinazoponyoka zinasomeka bila utata.

MPINZANI: Na hapo umeuliza upande mmoja tu. Jeni itakayoponyoka huenda inaponyoka kwa sababu ni ya spretus.

MTETEZI: Nilijua utasema hivyo. Katika seli za utafiti wa 2010, X iliyozimwa ilikuwa ya panya wa maabara. Katika jaribio nililoeleza sasa hivi, lililochapishwa mwaka 2015, iliyozimwa ni ya spretus. Kdm5c, Kdm6a, Ddx3x na Eif2s3x ziliponyoka upande huu na upande ule. Jeni hizo huponyoka kwa binadamu pia, na zina wenzao kwenye Y ya panya. Hapo ndipo nasema ushahidi umekamilika: X iliyozimwa imegeuzwa, hata spishi imebadilika, na jibu limebaki lilelile.

MPINZANI: Kwa jeni hizo nne, sina pingamizi. Na naomba iandikwe kwamba msingi wa kukubali kwangu ni ule mgeuzo. Chotara mmoja wa upande mmoja singemkubali hata angekuwa na RNA milioni mia.

MWENYEKITI: Basi hoja haiwezi kupita kama ilivyoandikwa. Neno «wa kuaminika» limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Nimesikia Mtetezi akikiri kwamba uzimaji wa jike usichanganywe na unyamazishaji wa korodani, na Mpinzani akikiri kwamba hana pingamizi kwa jeni nne zilizoponyoka upande huu na upande ule. Ninapendekeza hoja isomeke hivi: panya chotara anaaminika kueleza ni jeni zipi zinazozimwa na zipi zinazoponyoka, iwapo mzao umefanywa pande zote mbili; haaminiki kueleza ni seli ngapi zilizima X ipi, isipokuwa kwa koo zile mbili zilizomzaa. Mnasemaje?

MTETEZI: Napitisha, ila iongezwe kwamba kuelemea kwa mizani nako ni matokeo, wala si uchafu wa kufutwa.

MPINZANI: Iongezwe, pamoja na sharti: anayeripoti mizani hiyo aseme aliipima lini na katika tishu gani. Asiposema, hatuwezi kujua kama ameona uchaguzi au ushindani.

TABIBU: Na mimi nitaongeza la tatu. Mtu asiinakili tarakimu ya panya kwenye mwongozo wa tiba. Kwa msichana mwenye G6PD ya katikati, apimwe kiwango chake yeye mwenyewe.

MWENYEKITI: Hoja imepita kwa marekebisho matatu.